Kaunti ya Holmes: nyumba za Kidachi mbele ya fomu ya Kiingereza

Karatasi ilikuwa na safu tatu tu: jina la kaunti, asilimia ya wanaotumia lugha nyingine nyumbani, na asilimia ya wanaozungumza Kiingereza chini ya "vizuri sana". Tulikuwa kwenye kikao cha watoa huduma za ukalimani hapa Ohio, na mimi nilikuwa nimeitwa kwa upande wa Kiswahili. Mwenye kuongoza kikao aliteremsha kidole kwenye orodha, akazipita kaunti zenye miji mikubwa, akasimama kwenye kaunti moja ya mashamba na ng'ombe wa maziwa. Holmes. Asilimia zake zilizipita mbali kaunti zote zinazopakana nayo. "Hapa lazima kuna wakimbizi wengi," akasema. Mazungumzo yakahamia kwa wakalimani wa Kihispania, Kisomali na Kiswahili: nani atakubali kuendesha gari kutoka Columbus mpaka Millersburg, kwa saa ngapi, kwa malipo gani.

Wakimbizi hao hawakuwapo. Watu walio ndani ya asilimia ile ni Waamishi, Wakristo wenye lugha ya asili ya Kijerumani: wenyeji ambao wazee wao walianza kufyeka msitu wa eneo lile mwaka 1809, kabla kaunti yenyewe haijaanzishwa. Wamezaliwa Marekani, na wazazi wao na babu zao vilevile. Kiingereza wanakijua. Ila hawakitumii mezani kwao.

Kosa lile lilinikaa moyoni kwa sababu sikuliona kuwa la mtu mmoja mzembe. Yule bwana ni mtu makini, na karatasi haikumdanganya hata tarakimu moja. Alichofanya ni kuisoma kama ambavyo wengi wetu tungeisoma: Kiingereza kidogo, basi wageni, wageni, basi waletewe mkalimani. Hapa nataka kuonyesha kwa nini njia hiyo ilimfikisha asikokusudia, na ndani ya namba ile kuna nini hasa.

Wadachi wa vilimani

Holmes iko kaskazini-mashariki mwa Ohio. Sensa ya 2020 ilihesabu watu 44,223. Makao makuu ni Millersburg, lakini ukitaka kuisikia kaunti hii vizuri nenda upande wake wa mashariki, kwenye vijiji vya Berlin, Walnut Creek, Charm na Mount Hope. Barabarani utapishana na vigari vyeusi vya farasi. Nguo zimeanikwa kwenye kamba ndefu zilizopandishwa juu kwa kapi. Nyuma ya nyumba kuna karakana ya seremala, maana watu wa huku siku hizi wanaishi kwa samani kuliko kwa mahindi.

Karibu nusu ya watu wa kaunti ni Waamishi. Hawa ni Wakristo wa madhehebu yaliyojitenga mwaka 1693 chini ya mzee wao Jakob Ammann, huko Uswisi na Alsace, wakahamia Pennsylvania katika karne ya 18, kisha wengine wakasogea magharibi hadi Ohio. Walikuja na lahaja za Kijerumani cha kusini-magharibi, hasa za Palatinate, na mchanganyiko wa lahaja hizo ndio lugha wanayoiita Deitsch.

Jina hilo lisitupite hivihivi sisi Waswahili. Wazee wetu wa Mrima walipowaona Wajerumani waliwaita Wadachi, na mashairi yaliyotungwa kuhusu vita vya 1888 na 1889 yamelihifadhi jina hilo mpaka leo. Mdachi ni Deutsch aliyepita kwenye sikio la Mswahili. Deitsch ni neno hilohilo kwenye kinywa cha mkulima wa Holmes. Kwa hiyo nikisema Waamishi wanazungumza Kidachi, Kidachi cha Pennsylvania, situngi neno jipya. Nalirudisha la zamani kazini. Kwa Kiingereza lugha hiyo inaitwa "Pennsylvania Dutch", na hapo ndipo tatizo la kwanza la takwimu linapozaliwa, kwa sababu "Dutch" ya zamani iliwajumuisha Wajerumani, na "Dutch" ya leo ni Kiholanzi. Mwamishi mmoja kwenye fomu ataandika "Pennsylvania Dutch". Jirani yake, anayezungumza vilevile neno kwa neno, ataandika "German". Wa tatu ataandika "Dutch" tu, na karani wa kuweka alama za lugha atampeleka Uholanzi, nchi ambayo ukoo wake haukutoka.

Mgawanyo wa lugha katika maisha yao uko wazi kiasi kwamba mtoto wa miaka kumi anaweza kukueleza. Kidachi ni cha nyumbani, shambani, karakanani na kwa ndugu. Kijerumani cha vitabu, kile cha Biblia ya Luther, ni cha ibada na nyimbo; hakuna anayekizungumza kwenye chakula. Kiingereza ni cha shule, cha biashara, cha kuongea na mtu wa nje. Na mtu wa nje, awe nani, wanamwita "English", yaani Mwingereza. Mimi niliyezaliwa na Kiswahili, nikienda pale kununua jibini, ni Mwingereza.

Kuna jambo hapa ambalo watu wa mjini hulisahau: Kiingereza ndicho lugha yao ya kuandika. Barua wanaandikiana kwa Kiingereza. Gazeti lao kubwa, The Budget, limekuwa likitoka katika mji jirani wa Sugarcreek tangu 1890, likiwa limejaa barua za waandishi wa vijijini zinazoeleza nani amejifungua, nani ameanguka darini, mvua imenyesha kiasi gani. Barua hizo zote ni za Kiingereza. Mama atakaa jioni chini ya taa, aongee na wanawe Kidachi huku mkono wake ukiandika Kiingereza kwa dada yake aliye Indiana. Sasa mwambie mama huyo achague kisanduku kimoja cha "Unazungumza Kiingereza kwa kiasi gani?"

Fomu inauliza nini

Sensa kubwa ya kila miaka 10 haiulizi lugha tena. Maswali hayo yako kwenye uchunguzi wa kila mwaka wa Ofisi ya Sensa ya Marekani, unaotumwa kwa takriban anwani milioni 3.5 kwa mwaka. Kaunti yenye watu chini ya 65,000 haitoi majibu ya kutosha kwa mwaka mmoja, hivyo majedwali kamili ya Holmes hutokana na majibu ya miaka 5 yaliyojumlishwa. Ni makadirio, na kila namba huja na kiwango chake cha makosa pembeni. Kwenye ile karatasi ya kikao kiwango hicho kilikuwa kimekatwa ili safu zitoshe.

Maswali yenyewe ni matatu, na yamekuwa hayohayo tangu 1980. Kwa kila mtu wa miaka 5 na zaidi: Je, anazungumza lugha nyingine isiyo Kiingereza nyumbani? Lugha gani? Anazungumza Kiingereza kwa kiasi gani: vizuri sana, vizuri, si vizuri, au hajui kabisa? Mtu aliyejibu "hapana" kwenye swali la kwanza haulizwi la tatu. Kiingereza chake kinachukuliwa kuwa salama, hata kama barua ya benki inamshinda.

Halafu watakwimu huchora mstari. Waliosema "vizuri sana" huwekwa upande mmoja, na wote waliobaki, pamoja na waliosema "vizuri", huwekwa upande wa wenye Kiingereza pungufu. Mstari huo haukuchorwa kwa kubahatisha. Ulifuata utafiti wa 1982 uliolinganisha majibu ya watu na matokeo ya mtihani wa Kiingereza. Ila ujue kwamba ile asilimia uliyopewa imemweka kapu moja mtu asiyejua neno na mtu aliyejibu "vizuri".

Na nani anajibu? Mtu mmoja wa nyumba, kwa niaba ya wote. Nyumba isiporudisha fomu inaweza kupigiwa hodi na karani, na atakayezungumza naye mlangoni ni yule mwenye Kiingereza chepesi zaidi, au baba mwenye nyumba. Mtoto wa miaka 5 hajaulizwa. Bibi aliye kwenye nyumba ndogo ya wazee nyuma ya nyumba kubwa hajaulizwa.

Nimewahi kukaa na mama mmoja wa Fizi, Kongo, tukijaza fomu ya namna hiyo. Alifika kwenye kisanduku cha lugha, akaniangalia. "Na bwana yangu nasema Kibembe. Na majirani Kiswahili. Watoto nikiwasemesha, wananijibu Kiingereza. Sasa niandike luga gani, mwanangu?" Nafasi ni ya lugha moja, ile inayotumika zaidi. Nikamwambia, "Mama, ni ile unayoitumia kuliko zote." Akafikiri kwa muda, kalamu ikiwa hewani, akaandika Kiswahili kwa sababu, alisema, Kibembe hawatakijua. Familia moja ya Kibembe ikatoweka kwenye hesabu hivyo, kwa heshima aliyotaka kumpa msomaji.

Nasi Waswahili tuna safu yetu. Kabla ya 2016 jedwali refu la lugha lilikuwa na mstari mmoja kwa bara zima: "Lugha za Kiafrika". Mwaka huo wakaugawa, na mmoja wa mistari mipya unabeba jina letu, "Kiswahili au lugha nyingine za Afrika ya Kati, Mashariki na Kusini". Kwenye jedwali fupi, ambalo ndilo linalotumiwa kwa maeneo madogo, tunarudi gizani chini ya "lugha nyingine na zisizotajwa". Kidachi cha Pennsylvania nacho, katika jedwali hilo fupi, kinaingia kwenye kapu la "Kijerumani au lugha nyingine za Kijerumani cha magharibi". Angalau hapo "Dutch", "German" na "Pennsylvania Dutch" hukutana tena. Mtu aliyefungua jedwali hilo upande wa Holmes angeona mara moja kwamba kapu zito ni hilo. Karatasi ya kikao haikuwa na safu ya lugha gani. Ilikuwa na "lugha nyingine" tu.

Nyumba moja ya mfano

Hesabu za kaunti nzima huchosha, kwa hiyo nitachukua nyumba moja ya kutunga, ya kawaida kwa upande ule. Baba, mama, na watoto saba: miaka 17, 15, 12, 9, 7, 5 na 2. Wa miaka 2 hahesabiwi kwenye swali la lugha. Wamebaki watu 8, wote wanasema Kidachi nyumbani.

Baba anajaza. Yeye na mkewe: vizuri sana. Wa 17, wa 15 na wa 12: vizuri sana. Wa 9, vizuri. Wa 7, aliyemaliza darasa la kwanza, vizuri. Wa 5, ambaye hajaanza shule: hajui kabisa. Watatu kati ya wanane wako chini ya mstari. Hiyo ni asilimia 37.5.

Rudi baada ya miaka 5. Mkubwa ameoa na kuhama. Wale watatu sasa wana miaka 14, 12 na 10, na Kiingereza chao ni sawa na cha mtoto yeyote wa Ohio. Aliyekuwa na miaka 2 ana 7, yeye ndiye "vizuri" pekee. Mmoja kati ya wanane, asilimia 12.5. Hakuna mkalimani aliyetumwa. Kilichotokea ni kwamba watoto wamekwenda shule.

Lakini asilimia ya kaunti haitashuka, kwa sababu mtaa wa pili kuna nyumba nyingine yenye wa 5, wa 7 na wa 9 wake, na yule kijana aliyeoa naye ataanza yake. Ni kama daladala ya Mbagala: kila kituo wanashuka watu na wanapanda wengine, na ukipiga picha kila saa utaona limejaa vilevile. Kwenye picha huwezi kujua kwamba hakuna abiria aliyekaa humo siku nzima. Familia za Waamishi ni kubwa, na idadi yao Marekani nzima inaongezeka maradufu karibu kila miaka 20. Mwaka 2024 walikuwa takriban 400,000. Kaunti yenye watoto wengi kiasi hicho itakuwa daima na watu wengi "wasiojua Kiingereza vizuri", na wengi wao wataacha kuwa hivyo kabla hawajaota ndevu.

Sasa rudi kwenye fomu ileile na ubadilishe alama mbili tu. Baba anafika kwenye jina lake mwenyewe, na badala ya "vizuri sana" anaweka "vizuri", kwake na kwa mkewe. Watano kati ya wanane wako chini. Asilimia 62.5. Kiingereza cha nyumba hakijabadilika hata neno.

Kwa nini afanye hivyo? Waamishi wana neno Demut, unyenyekevu, na kinyume chake Hochmut, majivuno. Maneno hayo mawili yanaamua upana wa ukingo wa kofia, rangi ya gari la farasi na namna ya kujibu unaposifiwa. Mtu aliyelelewa hivyo ukimwuliza kama anajua kitu "vizuri sana" umemwomba ajisifu kwa maandishi, mbele ya serikali. Sisemi kila Mwamishi hujipunguzia alama. Nasema kwamba swali la kujipima lina adabu za watu ndani yake, na sisi tunalielewa hilo kwa sababu tuna adabu hizohizo. Mwulize mzee wa Kiswahili anayesoma magazeti ya Kiingereza kila asubuhi kama anakijua Kiingereza. Atakwambia, "Naokoteza okoteza tu, mwanangu."

Kuna kipimo kingine ambacho kingelisaidia lile jopo, nacho kimo kwenye uchunguzi huohuo: nyumba ambayo hamna hata mtu mmoja wa miaka 14 na zaidi anayezungumza Kiingereza tupu au anayekizungumza "vizuri sana". Hicho hakihesabu vichwa, kinauliza kama nyumba ina mlango. Nyumba yangu ya mfano, hata baada ya baba kujipunguzia alama, ina vijana wa 17 na 15 waliokwishamaliza shule. Mlango upo. Nyumba ya mama wa Fizi, mwaka wake wa kwanza Ohio, haikuwa nao. Kwenye safu ya asilimia ya vichwa nyumba hizo mbili zingeweza kulingana.

Shule, na kwa nini lugha haikufa

Shule nyingi za Waamishi ni za chumba kimoja au viwili, na mwalimu mara nyingi ni msichana wa kijiji aliyemaliza darasa la nane. Anafundisha kwa Kiingereza. Mtoto wa darasa la kwanza akikwama, mwalimu anainama na kumnong'oneza kwa Kidachi, kisha anarudi kwenye Kiingereza. Shule za serikali za mashariki mwa kaunti nazo zina watoto wengi wa Kiamishi, lakini huko si kila mwalimu anaweza kunong'ona hivyo. Tofauti hiyo ndogo, ya mwalimu mwenye lugha ya mtoto na mwalimu asiyekuwa nayo, haionekani kwenye jedwali lolote, na kwangu ina uzito kuliko safu zote tatu za ile karatasi. Nimesoma mimi mwenyewe chini ya walimu waliokatazwa kutunong'oneza.

Wanaishia darasa la nane kwa haki iliyoamuliwa na Mahakama Kuu ya Marekani tarehe 15 Mei 1972, katika kesi ya wazazi watatu wa Wisconsin waliotozwa faini ya dola 5 kila mmoja kwa kutowapeleka watoto sekondari. Kwa sababu hiyo, Holmes huonekana pia chini kabisa kwenye safu ya wahitimu wa sekondari. Ukiweka safu hizo mbili pamoja, Kiingereza pungufu na elimu pungufu, picha inayojichora ni ya kaunti iliyoporomoka. Wakati huohuo Holmes imekuwa mara kwa mara miongoni mwa kaunti zenye ukosefu mdogo kabisa wa ajira katika Ohio nzima.

Haikuwa rahisi lugha hii kufika hapa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1919, Ohio ilipitisha sheria ya kupiga marufuku kufundisha Kijerumani kwa watoto wa shule za msingi, za umma na za binafsi. Mahakama Kuu iliifuta mwaka 1923 pamoja na sheria ya Nebraska ya namna hiyo. Wazungumzaji wa Kidachi waliokuwa Walutheri na Wareformati kule Pennsylvania, ambao zamani walikuwa wengi kuliko Waamishi, waliiacha lugha kidogo kidogo. Wazee wakabaki nayo, wajukuu hawakuipata. Kwa Waamishi ilibaki kwa sababu ilikuwa na kazi. Haikuhitaji kulindwa na ofisi yoyote, ilihitaji meza ya chakula yenye watu tisa.

Linganisha na kaunti nyingine ya vijijini, Apache ya Arizona, nchi ya Wanavajo. Huko nako lugha ya nyumbani si Kiingereza kwa watu wengi. Lakini wenye Kiingereza pungufu huko wamo zaidi kwa wazee, na watoto wengi wanakua na Kiingereza tu. Holmes ni kinyume chake: umri mdogo ndio wenye Kiingereza pungufu, na lugha inapanda na kizazi. Asilimia mbili zinazofanana zinaweza kuwa lugha moja inayoondoka na nyingine inayozaliwa upya kila mwaka. Kuzitenganisha kunahitaji kitu kimoja tu, kugawa namba kwa umri, na Ofisi ya Sensa hutoa mgawanyo huo: 5 hadi 17, 18 hadi 64, 65 na zaidi.

Sheria nayo inaziona tofauti. Kifungu cha 203 cha Sheria ya Haki ya Kupiga Kura, kilichoongezwa 1975, kinaitaka kaunti itoe karatasi za kura kwa lugha nyingine pale wapigakura wenye Kiingereza pungufu wanapozidi asilimia 5 au watu 10,000, na kiwango cha kutosoma kikizidi cha taifa. Apache imo, kwa Kinavajo. Holmes haiwezi kuingia kwa Kidachi hata idadi ifike wapi, maana kifungu kinataja Kihispania, lugha za Kiasia, za Wahindi Wekundu na za wenyeji wa Alaska peke yake. Kiswahili hakimo vilevile. Kwa Holmes hilo halijeruhi mtu, kwa sababu Mwamishi anayepiga kura anasoma Kiingereza. Kwa watu wetu wanaopata uraia Columbus, Dayton au Akron, linajeruhi.

Mtoto na sikio lake

Nisieleweke kuwa nasema Holmes haihitaji kitu. Ina mahali pamoja penye shida, na karatasi ile ingeonyesha mahali hapo kama ingesomwa kwa umri.

Mtoto wa Kiamishi wa miaka 4 au 5 akiumwa, anafika zahanati akiwa hamwelewi mtu yeyote isipokuwa mama yake. Muuguzi anauliza kwa upole wote, "Where does it hurt?" Mtoto anatazama sakafu. Mama anarudia kwa Kidachi, na ndipo linatoka: "Mei Ohr dutt weh," sikio langu linauma. Mambo yanakwenda, mama yupo. Lakini mtoto huyohuyo akiletwa na gari la wagonjwa baada ya kigari cha farasi kugongwa usiku, na mama yake yuko kwenye machela nyingine, wale watu wa dharura wanahitaji maneno yasiyozidi ishirini ya Kidachi: wapi panauma, tulia, mama yupo, pumua. Mkalimani wa kutoka Columbus hafai hapo. Kinachofaa ni karatasi ndogo iliyobandikwa ndani ya gari, iliyoandikwa na mtu wa kijijini, na vijana wa Kidachi walio kwenye vikosi vya zimamoto vya kujitolea.

Mahali pa pili ni wiki za mwanzo za darasa la kwanza katika shule za serikali. Mtoto hana ulemavu wa kusema wala si mzito wa akili. Yuko wiki ya pili ya Kiingereza. Kumpima kwa mtihani wa Kiingereza mwezi wa Septemba na kuandika matokeo kwenye faili litakalomfuata ni dhuluma, na naitaja kwa jina hilo.

Baada ya kikao niliandika kurasa mbili, nikatia majedwali matatu: lugha gani, umri gani, nyumba ngapi zisizo na mlango. Nikaomba fedha za safari za Millersburg zihamishwe. Zilihamishwa: sehemu kubwa ilikwenda kwa familia za Kongo zilizofika karibuni katika miji ambayo kwenye ile karatasi ilikuwa na asilimia ndogo, kwa kuwa watu wachache wapya huzama ndani ya mji wenye watu laki kadhaa. Holmes ikafutwa kwenye orodha.

Ile karatasi ya maneno ishirini bado haijaandikwa. Nimepata ahadi ya mama mmoja wa karibu na Mount Hope, mwalimu wa zamani, kwamba atanikalia saa moja anieleze maneno gani mtoto wa huko huyaelewa hata mtu mgeni akiyatamka vibaya. Hana simu ndani ya nyumba. Tumepangana kwa barua, ya Kiingereza, na mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu.